Waya Kichwani, Betri Kifuani: Vile Stima Inatumika Kutibu Wasee Walioshindwa Kula

Fikiria umelazwa kwa chumba cha upasuaji, kichwa kimebanwa na fremu ya chuma kisisonge hata kidogo, na uko macho. Daktari anatoboa fuvu lako na drili, halafu anapitisha kawaya kembamba hadi ndani kabisa ya ubongo. Na karatasi ya kukubali hayo yote uliweka saini wewe mwenyewe.

Hiyo si muvi. Ilifanyika Toronto, Kanada, kwa wagonjwa sita, na ripoti yao ikatoka 2013 kwa jarida la madaktari linaitwa The Lancet. Hawakuwa na uvimbe kichwani, hawakuwa na kifafa. Walikuwa wameshindwa kula. Walikuwa na anoreksia ya miaka mingi, wamelazwa wakatoka wakarudi, na hakuna matibabu yalikuwa yameshika.

Sasa mtu anafika aje mahali kutobolewa kichwa kunakaa afadhali kuliko sahani ya chakula? Na hiyo stima wanaweka huko ndani inafanya nini hasa? Wacha tukuchanue.

Kwanza tumalize maneno ya mtaa. Ukitaja anoreksia kwa mbogi, lazima mmoja acheke. "Hiyo ni ya wazungu. Huku watu wanatafuta chakula, nani atakataa?" Mwingine atasema huyo dem ni nyodo tu, anataka kukaa modo. Shosh naye atasema ni minyoo, apewe dawa. Lakini madaktari wa hapa wamekuwa wakiiona kitambo. Mwaka wa 2004, Dkt. Frank Njenga, mmoja wa madaktari wa akili wanaojulikana sana Kenya, aliandika na mwenzake ripoti kuhusu anoreksia hapa nchini, ikatoka kwa jarida la East African Medical Journal. Hapo hata Instagram ilikuwa haijazaliwa.

Na huu ugonjwa unaua. Kati ya magonjwa yote ya akili, anoreksia ni moja ya yale yenye vifo vingi zaidi. Kuna wenye moyo unasimama, na kuna wenye wanajitoa uhai. Mtu anakula kidogo hadi anakonda kupita kiasi, anaogopa kuongeza uzito vile wewe ungeogopa nyoka kitandani, na akisimama mbele ya kioo anaona mwili tofauti kabisa na ule nyinyi mnaona. Bulimia ni kakake: mtu anakula chakula kingi sana kwa muda mfupi, halafu anafanya juu chini kukitoa. Halafu kuna ule wa kula bila breki, bila kutoa, mtu anajiona akila ni kama mkono si wake. Yote matatu inashika madem na machali, wembamba na wanene, na mara nyingi huwezi jua kwa kumwangalia mtu tu.

Kitu moja kabla tuendelee: hapa sitaandika kilo za mtu yeyote. Ripoti za madaktari ziko nazo zote. Lakini najua kuna mtu atasoma aanze kujipima nazo, kwa hivyo hapana.

Njaa inabadilisha kichwa

"Si akule tu?" Kila mzazi ameuliza hilo swali. Jibu zuri zaidi nimeona liko kwa kitu kilifanyika Marekani Vita vya Pili vya Dunia vikielekea kuisha. Mwaka wa 1944 kuingia 1945, mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichukua wanaume 36 waliojitolea, vijana, wazima kiafya na kiakili, akawakatia chakula karibu nusu kwa miezi sita.

Walikonda, hiyo ni lazima. Lakini vituko vilikuwa kichwani. Walianza kuongea chakula asubuhi hadi jioni. Wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi vile wewe unasoma habari za Arsenal. Wakawa wanachezea chakula kwa sahani, wanakula polepole kama watu wa ibada, wanakasirika bila sababu, wanajitenga na marafiki, hata hamu ya mapenzi ikaenda. Hakuna mmoja wao aliingia pale akiwa mgonjwa wa akili. Njaa peke yake ndio iliwafanyia hivyo.

Sasa chukua mtu ambaye tayari alikuwa na wasiwasi mwingi, anataka kila kitu kiwe sawa kabisa, halafu umwekelee hiyo njaa juu kwa miaka kumi. Ubongo unaingia kwa mzunguko. Akiruka mlo, ile presha ya ndani inashuka kidogo, anajiskia ameshinda. Kesho anarudia. Ni kama njia ya panya kwa shamba la mtu: siku ya kwanza ni nyasi tu, nduthi zikipita mwaka mzima hapo ni barabara. Kumwambia "kula tu" ni kusukuma baharini mtu asiyejua kuogelea halafu unamshangaa.

Kuna matibabu yanafanya kazi, na lazima niyataje kabla tufike kwa waya, ndio usidhani watu wanakimbizwa kwa drili moja kwa moja. Kwa vijana kuna ile ya familia nzima, ilitengenezwa na madaktari wa Maudsley kule London: wazazi wanashika usukani wa milo hadi mtoto apate nguvu ya kuushika mwenyewe. Kwa watu wazima kuna kuongea na mtaalamu wiki baada ya wiki, kuna mtu wa lishe, na kuna kulazwa hali ikiwa mbaya. Dawa? Bulimia iko na moja imepitishwa Marekani, fluoksetini. Anoreksia haina hata moja iliyopitishwa huko kwa ajili yake. Kwa hivyo kuna kundi linabaki limejaribu kila kitu, na miaka inayoyoma. Ni kwa sababu ya hao watu madaktari walianza kuangalia upande wa stima.

Kutoka samaki wa shoti hadi Eneo 25

Kila kitu unawaza sahii, pamoja na kusoma hii sentensi, ni vistima vidogo vinatembea kati ya seli za ubongo. Kwa hivyo wazo la kuingilia kati na stima si jipya hata kidogo. Karibu miaka 2000 iliyopita daktari wa Waroma, Scribonius Largus, alikuwa anatibu maumivu ya kichwa kwa kumwekea mgonjwa samaki anayepiga shoti. Samaki mzima, kwa kichwa. Leo ungekunywa tembe mbili ulale.

Ile ya kisasa ilianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka wa 1987. Daktari Alim Louis Benabid aliona kwamba akipiga stima ya haraka haraka sehemu fulani ndani ya ubongo, mkono wa mgonjwa uliokuwa unatetemeka unatulia. Hiyo njia ndio inaitwa DBS kwa kifupi, na imeshawekewa maelfu ya wagonjwa wa Parkinson. Mwaka wa 2005, kule Toronto, Helen Mayberg na Andres Lozano wakatoa ripoti ya kuijaribu kwa wagonjwa sita wa dipresheni sugu. Walilenga kisehemu kinaitwa Eneo 25, kiko katikati, upande wa mbele. Picha za ubongo zilikuwa zimeonyesha kwamba kwa watu wenye dipresheni nzito, hapo panachemka kupita kiasi. Wanne kati ya hao sita walipata nafuu ya maana.

Lozano, pamoja na daktari mwingine anaitwa Nir Lipsman, wakaangalia wagonjwa wa anoreksia sugu. Wengi wao wanabeba dipresheni na wasiwasi wa hali ya juu. Wakajiuliza: tukituliza palepale, chakula kitafuata?

Shika hiyo vizuri, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huchanganya hii stori. Hakuna swichi ya njaa walienda kubonyeza. Hakuna waya wa kumfanya mtu atamani chapo madondo. Walienda kwa hisia, ile hofu na huzuni yenye inafanya sahani ionekane kama adui.

Operesheni yenyewe inaenda hivi. Ubongo hauskii uchungu, kwa hivyo ganzi inawekwa kwa ngozi ya kichwa na mgonjwa anaweza kuongea na madaktari wakiendelea. Wanapitisha waya mbili, moja kila upande. Baadaye mgonjwa analazwa usingizi, waya zinapitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, zinashuka shingoni hadi kwa kabetri kamefichwa chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua. Kwa wagonjwa wa Toronto hiyo betri ilikuwa inatuma vistima mara 130 kila sekunde, mchana na usiku. Daktari anarekebisha nguvu yake akiwa nje, bila kukata mtu tena, na ikileta noma inazimwa.

Ikaenda aje? Kwa wale sita wa kwanza, baada ya miezi tisa, watatu walikuwa wamefika uzito wa juu kuliko ule waliokuwa wameuzoea kwa miaka, na wameushikilia. Nusu. Ukiskia "nusu" unaweza kusema ni kidogo, lakini kumbuka hawa ni watu ambao kila kitu kingine kilikuwa kimegonga mwamba.

Ripoti ya pili ikatoka 2017, wagonjwa 16, wakafuatwa mwaka mzima. Kwa wastani hao watu walikuwa wameishi na anoreksia miaka 18. Miaka kumi na nane, msee. Ni mtoto amezaliwa hadi anaenda kuchukua kitambulisho. Kwa wastani uzito wao ulipanda kwa kiasi kinachoonekana. Lakini mimi naona mpangilio ndio wa kushangaza: hisia zilianza kutulia mapema, wasiwasi ukashuka, dipresheni ikashuka, na uzito ukaja nyuma baadaye. Picha za ubongo pia zilionyesha sehemu kadhaa zimebadilisha vile zinatumia nguvu.

Sasa kabla uanze kushangilia, kuna mambo hayajakaa poa. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kila mgonjwa alijua stima imewashwa, kila mmoja alikuwa na madaktari wa kiwango cha juu wanamwangalia kila saa, na hiyo peke yake huinua mtu. Halafu ni watu 16. Halafu kupasua kichwa cha mtu ambaye mwili wake umeisha nguvu ni hatari, infeksheni inaweza kuingia, na mgonjwa mmoja wa lile kundi la kwanza alipatwa na degedege. Na kuna wawili kati ya wale 16 waliomba kifaa kitolewe au kizimwe, na hata watafiti hawakuelewa vizuri kwa nini. Hiyo mimi huifikiria sana. Ukiishi miaka 18 na sauti moja kichwani, siku inanyamaza si lazima ujiskie umeokoka. Unaweza kujiskia umepotea.

Ile ya bila kupasua

Si kila stima inahitaji drili. Mwaka wa 1985 Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba ukishika koili ya sumaku juu ya kichwa, inaweza kuamsha stima kwa ubongo bila kugusa ngozi na kisu. Hiyo ndio TMS. Unaketi kwa kiti, umevaa nguo zako, unaskia "tak tak tak" kama mtu anakugonga na kidole, unatoka unapanda mat unarudi keja. Marekani iliipitisha kwa dipresheni mwaka wa 2008.

King's College London waliijaribu kwa wanawake 34 wenye anoreksia ya muda mrefu. Hawa walifanya vizuri zaidi upande wa kulinganisha: wengine walipata sumaku ya ukweli na wengine ya kuigiza, vikao 20 kila mtu. Mwishoni, hisia za wale wa ukweli zilikuwa zimeinuka zaidi. Uzito? Tofauti ilikuwa ndogo. Wakafuatwa hadi miezi 18, na hapo ndipo wale walioanza na sumaku ya ukweli wakaonekana kupata uzito wa afya zaidi kuliko wenzao, ingawa wa kuigiza pia walikuwa wamepewa nafasi ya kupata ile ya ukweli katikati, kwa hivyo hesabu si safi kabisa. Bado unaona mpangilio ni uleule wa Toronto: kichwa kwanza, mwili baadaye sana.

Bulimia imekuwa ngumu zaidi. Ufaransa walijaribu sumaku kwa wanawake 47, nusu ya ukweli, nusu ya kuigiza, na matokeo yakawa karibu sawa kwa wote wawili. Hizo habari hazitrendi, lakini ukiona mtu anauza TMS kama dawa ya kila ugonjwa wa chakula, kumbuka hao 47.

Upande wa kula bila breki, kuna jaribio la Marekani likiongozwa na Casey Halpern wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lilitoka 2022. Walitumia kifaa kilichotengenezwa kwa wagonjwa wa kifafa. Kinaskiza ubongo kwanza. Wagonjwa waliwekewa vyakula wanavyovipenda sana, madaktari wakaangalia ni ishara gani inatokea kwa kituo cha raha sekunde chache kabla mtu apoteze breki. Baadaye kifaa kikiona hiyo ishara, kinatuma kastima kadogo ka kuikatiza. Baada ya miezi sita, ile hali ya kupoteza breki ilikuwa imepungua sana, na mgonjwa mmoja hakuhesabiwa tena kuwa na huo ugonjwa. Ni kazi ya akili nyingi. Lakini walikuwa wagonjwa wawili. Wawili ni idadi ya abiria wa nduthi, si ya kutangaza dawa mpya.

Nani ndio anasema "sawa"?

Kuna swali halina waya wala betri. Anoreksia huongea na sauti ya mwenyewe. Inamwambia "hii ni wewe, hii ndio nguvu yako." Sasa mgonjwa akisema nipasueni, ama akisema msiniguse, ni yeye anaongea ama ni ugonjwa? Madaktari hawawezi kuruka hilo swali kwa sababu historia yao ni chafu hapo. Miaka ya 1940 na 1950 kulikuwa na operesheni ya kukata nyaya za mbele ya ubongo, na wagonjwa wa anoreksia walikuwa kati ya waliofanyiwa. Mreno aliyeianzisha, Egas Moniz, alipewa hadi tuzo ya Nobel mwaka wa 1949. Kilichokatwa hakikurudi. DBS angalau inazimika, na ndio maana karatasi za kukubali zinachukua muda mrefu, na mtu anapimwa kama kweli anaelewa anachoingia.

Hii pia si ile shoti unaonanga kwa muvi za zamani, mtu amefungwa kitandani anarukaruka. Ile ni tiba nyingine, leo inafanywa mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa, na kazi yake kubwa ni dipresheni nzito.

Na tafadhali usijaribu kejani. Mtandaoni kuna vifaa vidogo vya betri na sponji vinauzwa ati vinawasha ubongo, na video za watu wanajiungia wenyewe. Unaweza kujichoma ngozi, na hujui unagusa sehemu gani. Wale wa London walikuwa na picha za ubongo za kuwaonyesha mahali pa kuweka koili. Wewe uko na kioo cha bafu.

Kama ukisoma hii kuna mtu amekuja kwa akili yako, ama ni wewe, stima si hatua ya kwanza wala ya tano. Ya kwanza ni kumwambia mtu mmoja. Ukiwa ndio unaambiwa, wacha kutaja mwili wake, hata kwa kumsifu, maana "umeongezeka, umenawiri" inaweza kumrudisha nyuma wiki nzima. Mwambie umeona amekuwa mpweke, umeona anahepa meza, na uko hapo. Laini ya Kenya Red Cross ni 1199, haikuli kredo. Akizirai, akiskia moyo unaruka mapigo, ama akianza kuongea mambo ya kufa, hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Mkifika, msiseme tu "hajiskii poa." Daktari aambiwe wazi kwamba hali, ama kwamba anatapika, ndio apime damu aone potasiamu na aangalie moyo na mashine, kwa sababu mtu anaweza kuwa anatembea na anacheka na moyo wake uko karibu kukata.